Uzi maalumu: Medali adimu za jeshi la Marekani, na kwa nini chuma kitupu hakina thamani

Sarafu Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa heller na rupia, zile sarafu za enzi ya Mjerumani Afrika Mashariki, kuna wadau waliniomba nifungue uzi wa peke yake wa medali za Wamarekani, maana kila nikizigusia tunatoka nje ya mada na mods wanakuja juu. Haya, huu hapa. Mimi naishi huku Marekani na nakusanya kwa mshahara wa kawaida, kwa hiyo asitegemee mtu maajabu ya matajiri. Picha nitatupia kadiri mtandao utakavyoruhusu.

Jambo la kwanza ambalo wageni wa hobi hii huwa hawalijui: medali nyingi za Marekani hazina jina la mtu. Mwingereza, medali zake za vita kuu ya kwanza aliziandika ukingoni: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Ukiiokota hata jalalani unaweza kumjua mwenyewe. Mmarekani alitoa Victory Medal kwa mamilioni ya watu, kazi ya mchongaji James Earle Fraser, yule yule wa sarafu ya senti tano yenye nyati, lakini ukingoni hakuna herufi hata moja. Vita kuu ya pili ikawa vile vile kwa medali za kampeni. Zimetoka kiwandani zinafanana, na leo bado zinafanana.

Matokeo yake soko la huku ni soko la hadithi. Mtu ananunua medali ya bei ya soda, anaiweka kwenye fremu na picha ya kijana asiyejulikana, anaandika chini "alitua Normandy", na bei inapaa. Ukimuuliza karatasi iko wapi, anakwambia mjukuu wa marehemu ndiye aliyemsimulia. Kwangu mimi msimamo ni mmoja: kama chuma chenyewe hakisemi ni cha nani, na hakuna hati inayosema, basi hiyo ni medali ya kawaida na utailipia bei ya kawaida.

Sasa tuingie kwenye zile zinazosema.

Kundi ninalolipenda kuliko yote ni medali za kampeni (yaani za kushiriki vita fulani) za Jeshi la nchi kavu zilizoanzishwa kati ya 1905 na 1907: ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ya vita dhidi ya wenyeji wa asili (1865 hadi 1891), ya vita na Hispania, ya Ufilipino, ya China wakati wa uasi wa Mabondia. Hizi za mwanzo ziligongwa namba ukingoni, upande wa chini. Utakuta "No." ikifuatiwa na tarakimu, au "M.No." kwa toleo jingine. Na raha yenyewe ni kwamba daftari za kugawia zilihifadhiwa. Ukiwa na namba unaweza kumfikia aliyekabidhiwa, kisha ukafuata faili lake Hifadhi ya Taifa kule Washington. Kuna nakala zilizotengenezwa baadaye kwa chapa ile ile, halali kabisa, ila hazina namba. Tofauti ya bei ni mbingu na ardhi.

Angalieni pia ubishi wa utepe, hapa ndipo wajuzi wanapotengana na sisi wengine. Medali ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ina sura ya Lincoln, mchoro wa Francis Millet, msanii aliyekuja kufa kwenye Titanic mwaka 1912. Utepe wake wa kwanza ulikuwa wa nyekundu, nyeupe na bluu. Mwaka 1913 ukabadilishwa kuwa bluu na kijivu, rangi za sare za pande mbili zilizopigana. Ya vita dhidi ya wenyeji ilianza na utepe mwekundu mtupu, ikaonekana unafanana mno na ule wa Légion d'honneur, nishani kuu ya Ufaransa, na mwaka 1917 wakaongeza mistari myeusi. Kwa hiyo medali yenye namba ndogo na utepe wake wa kwanza haijaguswa, hiyo ni mali. Na usikubali mtu akuoshee! Kuna watu wanazisugua kwa brasso mpaka zinang'aa kama sufuria ya harusi, na thamani inaondoka na ule uchafu.

Kwa nini ile ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ni adimu? Vita viliisha 1865, medali imekuja miaka arobaini baadaye. Waliopigana wengi walishakufa au walishatoka jeshini zamani. Aliyeipata ni yule aliyebaki jeshini, au aliyeikumbuka na kuiomba.

Jeshi la Wanamaji nalo lina ya kwake. Dewey Medal nadhani ndiyo nzuri kuliko zote walizowahi kutengeneza. Tarehe 1 Mei 1898 meli za Commodore George Dewey ziliimaliza meli za Hispania kwenye Ghuba ya Manila asubuhi moja. Bunge likaamuru medali kwa kila aliyekuwamo, afisa hadi mpishi. Ilichongwa na Daniel Chester French (ndiye aliyechonga Lincoln mkubwa aliyeketi kule Washington), ikatengenezwa na Tiffany. Zilitoka 1,800 na ushei tu. Na hapa tofauti: kila moja ina jina la mwenyewe ukingoni, na nyuma, chini ya baharia aliyekaa juu ya mzinga, kuna jina la meli: Olympia, Baltimore, Raleigh, Boston, Concord, Petrel au McCulloch. Petrel ilikuwa meli ndogo, watu wake wachache, kwa hiyo medali yake inagombaniwa. Inasimuliwa kuwa Dewey mwenyewe aliivaa kwa kuigeuza, maana sura iliyo mbele ni yake, akaona soni kutembea na uso wake kifuani.

Sampson Medal ya vita hiyo hiyo upande wa Cuba iliidhinishwa 1901. Meli imeandikwa kwenye kibanio cha juu, mapigano kwenye vipande vidogo vinavyoning'inia katikati, jina ukingoni. Tatizo lake vipande vile vinatoka na kurudishwa, na kuna mafundi wanaongeza mapigano ambayo baharia hakuyaona hata kwa ndoto. Linganisha na orodha ya mapigano ya meli husika kabla hujatoa hela.

Halafu kuna zile ambazo mimi na wewe tutaziona kwenye kioo cha makumbusho tu. NC-4 Medal: ya ndege ya kwanza kuvuka Atlantiki, Mei 1919, Bunge likaikumbuka 1929. Walipewa watu saba. Ya safari ya Byrd ncha ya kusini 1928–30: 81, kati ya hizo 66 za dhahabu, 7 za fedha, 8 za shaba. Ya safari ya Peary ncha ya kaskazini ilitolewa 1944 kwa watu sita, mmoja wao Matthew Henson, mtu mweusi aliyefika na Peary mwisho wa safari ile na akasahaulika miaka thelathini na tano kabla hawajamtupia medali. Hiyo ningeitazama siku nzima.

Naweka nukta hapa nile kwanza. Maswali karibuni.

---

Bint Pangani

Siti ya mbele kabisa 🙋🏾‍♀️ Mkuu, hujagusia ile yenye moyo wa zambarau. Na ile kubwa ya mashujaa, ni kweli ukiuza unafungwa?

---

Sarafu Kuukuu

Dada, nilikuwa nakuja huko.

Tuanze na kubwa. Medal of Honor hainunuliwi, haiuzwi, haibadilishwi. Sheria ya Marekani inakataza kuuza na kutengeneza medali za jeshi bila idhini. Kanuni zikaja zikaruhusu wakusanyaji kuuziana zile nyingine, ila hii moja ikabaki imefungwa, na adhabu yake ni nzito kuliko za nyingine. Mwaka 2003 wauzaji kutoka Kanada walikamatwa kwa kuuza mbili, moja ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na nyingine ya vita na Hispania. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kampuni ya New York iliyokuwa na mkataba halali wa serikali wa kutengeneza medali ilitozwa faini baada ya kutengeneza 300 za ziada na kuzipitisha mlango wa nyuma kwa dola 75 moja. Kwa hiyo ukiona mtu anakuonyesha "original" kwenye meza ya gun show (maonyesho ya bunduki), kuna mawili: ni feki, au wewe na yeye mko hatarini. Usiulize hata bei, sheria inataja hadi kutafuta kununua.

Wamarekani wenyewe waliwahi kufanya usafi wa ndani. Mwaka 1917 Jeshi lilipitia orodha na kufuta majina 911. Kati yao 864 ni kikosi kimoja, 27th Maine, waliopewa kwa mkupuo baada ya kuahidiwa mwaka 1863 kwamba watakaobaki kulinda mji mkuu watatuzwa. Waliobaki walikuwa mia tatu hivi, medali wakaandikiwa wote! Aliyefutwa pia ni Dkt. Mary Walker, mwanamke pekee aliyewahi kuipata. Akawaambia hairudishi, akaivaa mpaka alipofariki 1919. Wakamrudishia heshima yake 1977.

Moyo wa zambarau sasa. Purple Heart asili yake ni kipande cha kitambaa chenye umbo la moyo, George Washington alikianzisha 1782, na wanaojulikana kukipata ni watatu. Kikasahaulika hadi Februari 22, 1932, miaka 200 tangu Washington azaliwe, Jenerali MacArthur alipokirudisha kama medali. Leo ni ya aliyejeruhiwa au kuuawa na adui. Vita kuu ya pili ilipokuwa inaelekea mwisho walijiandaa kuivamia Japani, wakatengeneza nyingi kupita kiasi. Uvamizi haukutokea, zikabaki stoo. Hesabu inayotajwa sana ni karibu nusu milioni, na askari wa Korea na Vietnam walivishwa kutoka kwenye mzigo ule ule. Kwa hiyo Purple Heart isiyo na jina si adimu hata kidogo.

Inayotafutwa ni ya mtu aliyeuawa, ambayo serikali ilichonga jina lake nyuma, chini ya maneno FOR MILITARY MERIT, kabla ya kuipeleka kwa mama yake. Na hapo mimi binafsi sinunui. Sheria hainizuii. Ila nikishika kitu ambacho mama wa watu alikiweka kabatini miaka hamsini, halafu wajukuu wakakiuza pamoja na vyombo, mkono unasita. Kuna taasisi ya Vermont, Purple Hearts Reunited, kazi yao ni kuzirudisha kwa familia. Ukikuta moja kwenye soko la vitu kuukuu na dhamiri inakusumbua, wapelekee hao.

---

Kiporo cha Jana

Samahani mkuu, lakini sielewi. Mtu mweusi unakusanya medali za mabeberu? Ile ya kuwaua wenyeji wa Amerika nayo unaisifia utepe?

---

Sarafu Kuukuu

Swali la haki kabisa, sina kinyongo. Sikusanyi kwa kuwashangilia. Ninayo moja ya vita vile, yenye namba, na aliyeipata alikuwa wa kikosi cha wapanda farasi weusi, wale walioitwa Buffalo Soldiers. Baba yake inawezekana alizaliwa mtumwa, yeye akatumwa kwenda kumnyang'anya mwenyeji ardhi, akalipwa kipande cha shaba. Nisingekuwa na ile namba ukingoni, mambo hayo nisingeyajua. Nakubali kwamba kuna wanaozikusanya kwa ushabiki wa kijeshi, hao tunakutana nao mezani, tunasalimiana, basi.

---

Mjukuu wa KAR

Shikamoo mkuu. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki), alituachia yake yenye ukanda umeandikwa KENYA. Ina maana gani ukilinganisha na hizo za huko?

---

Sarafu Kuukuu

Marahaba mwanangu. Hiyo ni Africa General Service Medal, ukanda wa Kenya ni wa miaka ya Mau Mau. Geuza ukingoni, utakuta namba na jina la babu. Ndiyo faida ya Mwingereza niliyoisema juu. Usiiuze na usiipeleke kwa sonara isafishwe. Ikitakiwa zaidi tufungue uzi wake, tusiwachoshe wenzetu.

Ila umenikumbusha. Kuna medali ya Marekani yenye damu ya huko kwetu Afrika: Armed Forces Expeditionary Medal. Inatolewa kwa operesheni ambazo hazina medali yake maalumu. Orodha yake ina Kongo 1960 hadi 1962, halafu siku tano tu, Novemba 23 hadi 27, 1964, ndege za Wamarekani zilipowashusha makomandoo wa Kibelgiji Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Baadaye ikaja Somalia, Desemba 1992 hadi Machi 1995. Sasa fikiria: aliyerusha ndege Stanleyville kwa siku zile tano ana medali ile ile ya aliyekaa Mogadishu. Chuma kile kile, tai yule yule, utepe ule ule, hakuna neno Kongo popote. Ya Stanleyville kwa mkusanyaji ni dhahabu, lakini bila karatasi ya kikosi huwezi kuitofautisha na iliyotoka kiwandani wiki iliyopita.

Na karatasi nazo zina msiba wake. Julai 12, 1973 kituo cha kumbukumbu za wanajeshi St. Louis kiliungua, mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Kwa Jeshi la nchi kavu, asilimia 80 ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960 hawana faili kamili. Wauzaji wajanja wanaijua tarehe hiyo kama wanavyoijua siku yao ya kuzaliwa. Ukiuliza ushahidi, "aah, liliungua." Huenda kweli liliungua. Lakini kulikuwa na magazeti ya mji wake, hati ya kuachishwa aliyopewa mkononi, amri za kikosi, kaburi. Mtu halisi anaacha alama zaidi ya moja.

---

Chuma Chakavu

Nondo tupu. Tupe mbinu za kutambua feki, mimi niko kwenye vyuma lakini hivi vidogo sivijui.

---

Sarafu Kuukuu

Mkuu wewe utanielewa haraka. Halisi imegongwa kwa chapa, feki nyingi zimemiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwenye halisi. Chuma kikipoa kinasinyaa, kwa hiyo feki inakuwa ndogo kidogo. Chukua kipimo cha fundi, linganisha na halisi. Kisha lenzi: vijitundu kama vya ngozi ya chungwa kwenye uwanja tambarare, herufi zenye mabega ya mviringo, na ukingoni alama ya tupa walipoondolea mshono.

Utepe tumia ile taa ya kukagulia noti feki madukani. Pamba na hariri ya zamani haing'ai, nyuzi za kisasa zinawaka nyeupe-bluu. Kumbuka tu kwamba utepe mpya kwenye medali ya zamani si lazima uwe utapeli, askari walibadilisha tepe zilizochakaa.

Jina lililochongwa ndipo penye wizi mkubwa. Medali ni halisi, jina limewekwa juzi. Tazama sakafu ya kila herufi kwa lenzi: kama mwili mzima umeshika kahawia na ndani ya herufi kunang'aa, kisu kimepita baada ya kutu. Wapo wanaopaka dawa kuficha, lakini dawa inatuama kwenye pembe za herufi kwa rangi moja, wakati uzee wa kweli hauna mpangilio.

Vidude vidogo vya juu ya utepe navyo vichunge. Ile W ya fedha ya Wake Island, kisiwa cha Pasifiki, walipewa mabaharia na marines (askari wa majini) waliokilinda kile kisiwa Desemba 1941, watu mia tano hivi. Nikizihesabu nilizoona mtandaoni, kisiwa kilikuwa na jeshi la kutosha kuiteka Japani 😂

---

Bint Pangani

😂😂 Mkuu, mimi nina kitu. Nilinunua koti la jeshi la Marekani kwenye mitumba, kijani, kifuani lina vipande vitatu vya tepe vimebaniwa. Cha kwanza chekundu na mstari mpana wa njano katikati, cha pili njano na mistari mitatu myekundu, pembeni kijani. Cha tatu kijani na nyeupe. Nitajirike?

---

Sarafu Kuukuu

Utajiri bado dada yangu, ila umepata kitu cha kupendeza. Cha kwanza ni National Defense Service Medal, karibu kila aliyevaa sare wakati wa vita alipewa, askari wenyewe wanaitania. Cha pili ni Vietnam Service Medal. Cha tatu, kama ni kijani na nyeupe kwa mistari ya wima, ni medali ya serikali ya Vietnam Kusini iliyotolewa kwa Wamarekani. Kwa hiyo mwenye koti alifika Vietnam.

Usivitoe. Fungua koti, tazama bitana ya ndani, mfuko wa ndani na nyuma ya shingo. Mara nyingi kuna muhuri wa dobi: herufi moja na tarakimu nne. Herufi ni ya jina la ukoo, tarakimu ni za mwisho za namba ya askari.

---

Bint Pangani

Mkuuu! Upo! Herufi na namba nne kwenye bitana, wino umefifia lakini unasomeka. Niziandike hapa?

---

Sarafu Kuukuu

Hapana, usiziweke hadharani. Kuanzia 1969 Jeshi lilianza kutumia namba ya hifadhi ya jamii badala ya ile ya askari, na mwenyewe anaweza kuwa hai. Nitumie inbox.

Peke yake haitoshi kumpata mtu, lakini tupia hapa picha za mabega yote mawili. Kiraka cha bega la kushoto ni kikosi alichokuwa nacho koti liliposhonwa, cha kulia ni kile alichokwenda nacho vitani. Na kama kuna vyuma kwenye kola, vipige kwa karibu, mbele na nyuma.